Simu Zikiwekwa, Vijana Waende Wapi?



Likizo imeingia na malalamiko ni yale yale: kijana haamki ila na simu, halali ila na simu. Wengi hutoa shauri la kumnyang'anya. Lakini aliyenyang'anywa kitu bila ya kupewa kingine hukaa akikivizia kile kile. Tuseme tumemwambia aiweke tangu Alasiri hadi Magharibi. Je, aende wapi?

Kwa sisi wa Tana, jawabu li mlangoni. Mto huu ndio mrefu kuliko yote ya Kenya, na delta yake, inayoshuka kutoka Garsen hadi baharini Kipini, iliingizwa mwaka 2012 katika Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu kwa ulimwengu mzima. Kaskazini ya Garsen, katika misitu ya kando ya mto, wamo kima wa aina mbili, mmoja wao mbega mwekundu, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Vijana wetu wamewaona simba wa video. Kima hawa wengi hawajapata kuwaona.

Mabinti nina neno nao zaidi. Mvulana akichoka na simu hutoka akacheza mpira. Binti tumemwambia akae ndani, kisha twastaajabu kwamba simu imekuwa dirisha lake la pekee! Sitara si kifungo. Bibi zetu walijisitiri, na bado walishuka mashambani wakapanda mpunga, wakajua miti na dawa zake. Akina mama wawili watatu wakiongozana na binti zao asubuhi kwenda shamba la maembe, au kupanda mikoko kule Kipini, hapana la kuchukiza. Ila ukingoni mwa mto asiende mtu bila ya mwenyeji: mamba na viboko wapo, na mafuriko ya 2023 na 2024 yametukumbusha kuwa Tana haina mzaha.

Kuna jambo zito kuliko hayo. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, mapigano ya wakulima na wafugaji katika delta hii yaliua watu zaidi ya mia moja. Walio sekondari leo walikuwa wachanga. Kijana wa Kipokomo na mwenziwe wa Kiorma wakijuana kwa uvumi wa simu tu, siku ya fitina kila mmoja ataamini atakachotumiwa. Lakini aliyeshinda malishoni na mwenziwe, akaonyeshwa namna ya kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumtazama, naye akamfunza kupiga kasia, huyo ataletewa uvumi na kwanza ataulizia. Mtume wetu (s.a.w.) alichunga kondoo wa watu wa Makka ujanani mwake, na katika Suratul Ghaashiya Mola anatutaka tuwatazame ngamia walivyoumbwa, na mbingu, na milima, na ardhi. Hayo hayatazamwi kwa kioo.

Madrasa zaweza kuanza, siku moja tu ya juma, kwa idhini ya wazazi na wenye mashamba. Simu zikusanywe kikapuni, na ya mwalimu iwe ya kwanza kutiwa; mtu mzima mmoja abaki na yake kwa dharura.