Mgonjwa anaposema "karuho"

Nyalukemba, kama kwingine Bukavu, kansa ni nadra kutajwa kwa jina lake. Mgonjwa husema "ile ugonjwa mubaya", au "kidonda mu tumbo". Mwanamke aliyeanza kutokwa damu ovyo husema ni "mambo ya wanawake". Na tumbo likikataa chakula, mwili ukakonda, mnong'ono wa uani huwa mmoja: "Balimupatia karuho." Yaani amelishwa ile sumu ambayo watu wa Kivu huamini hutolewa na mwenye kijicho, ikamla mtu polepole hadi afe.

Kukimbilia kulikanusha neno hilo hakumsaidii mgonjwa. Karuho inajibu swali ambalo ekografi haiwezi kulijibu: kwa nini mimi, na kwa nini sasa? Ubaya wake ni kwamba jibu lenyewe lina sura ya mtu. Shemeji anaanza kutazamwa kwa jicho baya, jirani aliyeleta chakula msibani anakumbukwa upya, na anayeshukiwa haji tena kuuguza. Mgonjwa anapelekwa kutapishwa kwa dawa za mizizi huku miezi ikiyoyoma.

Kansa ya tumbo na ya ini ndizo zinazofanana zaidi na maelezo ya karuho: hamu ya kula kupotea, kukonda, tumbo kujaa maji, wakati mwingine kutapika damu. Ile ya tumbo husababishwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayeweza kukaa tumboni miaka mingi bila mtu kujua. Ile ya ini hutokana mara nyingi na homa ya ini aina ya B. Inachangiwa pia na kuvu inayoota kwenye karanga na mahindi yaliyohifadhiwa penye unyevu, na kuvu hiyo hutoa sumu ya kweli, aflatoksini. Kwa hiyo anayesema amekula sumu hawezi kuchekwa. Huenda ameila kweli, ila hakuna aliyemlisha.

Kuna lugha nyingine iliyotufikia kutoka mbali: kupambana na kansa, kuishinda, kutokata tamaa vitani. Mwaka 1971 Rais Nixon wa Marekani alitia saini sheria iliyokuja kuitwa vita dhidi ya kansa. Mwaka 1978 mwandishi Susan Sontag, ambaye mwenyewe alikuwa ametibiwa kansa ya titi, alichapisha kitabu cha kuipinga lugha hiyo. Naafikiana naye kwa jambo moja hasa: ikiwa ugonjwa ni vita, anayefariki ataonekana hakupigana vya kutosha. Tena Bukavu ni mji ulioingiliwa kwa bunduki mwaka 1996, 2004, na tena Februari 2025. Mama aliyekimbia risasi na mtoto mgongoni, kumwambia "pigana" ni kumrudisha barabarani. Lakini akilichagua neno hilo mwenyewe, kwa kuwa alishapita makubwa, mwachie. Ni lake.

Kinachoumiza zaidi ni kunyamaziwa. Majibu ya maabara yakitoka, mara nyingi jamaa humvuta daktari pembeni: "Musimwambie mama, roho yake itakatika." Mama naye anaona sauti zinavyoshuka akiingia chumbani, na anaanza kuficha maumivu ili asiwasumbue wanaomficha. Njia iliyo bora ni kuanza na yeye: "Mama, wewe mwenyewe unafikiri ni nini?" Kisha: "Unapenda nikuelezee yote, ao niongee na nani?" Akisema karuho, msikilize mpaka mwisho. Halafu mwambie waziwazi kwamba kuna kivimbe, kwamba kivimbe hicho ni kansa, na kwamba hakuna mtu aliyemtilia kitu.

Kwa kansa ya mlango wa kizazi, aibu ya maneno huua kabisa, maana kansa hiyo huchukua miaka kukomaa na ingeweza kuzuiwa. Husababishwa na virusi viitwavyo HPV, na muuguzi aliyefunzwa huweza kuyaona mabadiliko ya mapema kwa kupaka siki na kuangalia. Shirika la Afya Duniani linalenga wanawake wawe wamepimwa kufikia umri wa miaka 35, na tena kufikia 45.

Dada, mama, ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au hedhi ilishakoma na damu imerudi, usimwambie muuguzi kwamba una "mambo ya wanawake". Mwambie damu inatoka wapi na tangu lini, na uombe kupimwa siku hiyohiyo.