Jasho la usiku siyo malaria kila mara

Kaliua, mkoani Tabora, malaria ni nyingi. Ndiyo maana mama wa miaka 45 akiamka usiku amelowa jasho, asubuhi anakimbilia dukani kununua dawa mseto. Kumbe huenda anakaribia ukomo wa hedhi.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, ila dalili huanza miaka kadhaa kabla. Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka, na mwili hushindwa kutuliza joto lake.

Dalili za mwanzo
- Hedhi kuruka mwezi au kubadilika wingi
- Joto la ghafla usoni na kifuani, linalopita baada ya dakika chache
- Kukosa usingizi, hasira za haraka, kusahausahau
- Uke kuwa mkavu

Afanye nini?
Apime malaria kwanza, asikisie. Kipimo cha haraka cha zahanati hutoa jibu ndani ya nusu saa. Kisipoonyesha malaria, amweleze mhudumu mabadiliko ya hedhi yake.

Nyumbani, alale na khanga nyepesi, apunguze kahawa, pombe na pilipili. Mume naye aelezwe, asidhani amechukiwa.

Uzazi wa mpango usiachwe mapema: mimba bado inawezekana mpaka hedhi ikatike miezi 12 mfululizo.

Asisubiri
Damu nyingi kupita kawaida, damu baada ya tendo la ndoa, au damu kurudi baada ya mwaka mzima: awahi hospitali. Inaweza kuwa saratani ya shingo ya kizazi.