Vijiumbe vya Chini ya Ardhi Baada ya Maji Kusafishwa kwa Kemikali

Handeni, mkoani Tanga, ni wilaya yenye historia ndefu ya uhaba wa maji. Licha ya kuwapo kwa bomba kuu linaloleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe, wako wananchi wanaotegemea malambo na visima vifupi. Wilaya hiyo ina pia wachimbaji wadogo wa dhahabu, na uchimbaji wa aina hiyo nchini hutumia zebaki. Kwa hiyo, usalama wa maji ya ardhini ni suala la afya ya jamii.

Maji ya ardhini yanapochafuliwa na mafuta au viyeyushi vya viwandani, njia mojawapo ya kuyasafisha ni kuingiza ardhini kemikali zinazovunja uchafu huo, kama vile permanganeti au persalfeti. Kemikali hizo hazibagui: huvunja uchafu, na huua pia bakteria wengi wanaoishi humo. Baada ya muda bakteria hurejea, wengine wakiletwa na maji yanayopita kutoka maeneo ya jirani. Hata hivyo, wanaorejea si lazima wawe walewale. Dehalococcoides, kwa mfano, ambao huvunja viyeyushi vyenye klorini, hudhuriwa na oksijeni, hivyo huweza kuchelewa kurudi.

Kemikali pia huacha masalia. Permanganeti huacha oksidi ya manganizi, nayo persalfeti huacha salfeti na kuongeza asidi. Salfeti ni neema kwa bakteria wanaoitumia kupumua pale pasipo na oksijeni. Baadhi yao hugeuza zebaki kuwa zebaki ya kimetili, sumu inayojilimbikiza katika samaki na kudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Ndiyo sumu iliyosababisha ugonjwa wa Minamata, uliotambuliwa nchini Japani mwaka 1956.

Zebaki ni elementi. Hakuna kemikali inayoweza kuivunja ikatoweka. Hivyo, pale ilipo zebaki, kemikali isiingizwe ardhini kabla ya kupima vijiumbe, salfeti na zebaki, na vipimo virudiwe kwa miaka kadhaa.

Kwa kaya, jambo moja lizingatiwe: kuchemsha maji huua vimelea vya maradhi, lakini hakuondoi zebaki. Kinga iliyo bora ni kutochenjua dhahabu kwa zebaki karibu na visima na malambo.