Kikaango cha Pili: Samaki wa Andalusia kwa Asiyekula Ngano

Mama anapomwambia mtoto, "Hicho usile, mwanangu," na wenzake wote wanakula, moyo humwuma. Wako akina mama wasemao maneno hayo kila siku, kwa kuwa mtoto wao akila ngano huumwa. Mwezi huu tunakwenda Andalusia, kusini mwa Hispania, kuona jinsi mkaanga samaki anavyoweza kumpunguzia mama mzigo huo, tena kwa bei nafuu.

Chakula cha watu wa kawaida

Katika miji ya pwani kama Cádiz na Málaga, na hata Sevilla iliyo kando ya mto Guadalquivir, kuna maduka ya chakula yaitwayo freiduría. Kazi yake kubwa ni kukaanga samaki. Mara nyingi samaki hupimwa kwa mizani, kisha hufungwa katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Mnunuzi hula papo hapo au huwapelekea watoto nyumbani.

Humo mna boquerones, samaki wadogo mfano wa dagaa wa baharini. Mna ngisi waliokatwa pete. Mna na cazón, papa mdogo anayelowekwa katika siki, kitunguu saumu, bizari nyembamba na majani makavu ya oregano. Samaki wengi ni wadogo na meza hazina mapambo, ndiyo maana familia ya kipato cha chini nayo huweza kula ikashiba.

Upishi wake ni rahisi. Samaki hutiwa chumvi, hugaragazwa katika unga, hukung'utwa unga uliozidi, kisha hutumbukizwa katika mafuta mengi yenye moto mkali. Kwa desturi unga huo ni wa ngano, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Ngano inapodhuru

Katika ngano, shayiri na rai mna protini iitwayo gluteni. Mtu mwenye ugonjwa wa seliaki akiila, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo wake mwembamba, nao hushindwa kufyonza chakula. Mtoto huweza kuharisha, kuvimba tumbo na kudumaa. Mtu mzima huweza kupungukiwa damu na kuchoka bila kujua sababu. Hukadiriwa kuwa mtu 1 hivi katika kila 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba chanzo ni ngano. Katika njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 mkate uliadimika, na watoto wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo. Hadi leo tiba ni moja: kuacha gluteni maisha yote.

Unga mwingine, mafuta mengine

Jikoni dawa yake si ghali. Badala ya ngano, mkaanga samaki hutumia unga wa dengu, wa mahindi au wa mchele. Dengu si ngeni Andalusia, na kwetu unga wake ndio ule ule wa bhajia. Samaki akigaragazwa humo hukauka vizuri na kupata rangi ya dhahabu.

Lakini, akina mama, unga peke yake hautoshi. Mafuta yaliyokwisha kukaanga samaki wa ngano hubaki na chembe zake, na chembe hizo zinatosha kumdhuru mgonjwa. Kwa hiyo lazima pawe na kikaango cha pili chenye mafuta yake, pamoja na ungo, kijiko na sahani safi. Mpishi naye anawe mikono kwanza.

Tangu Desemba 2014, sheria ya Umoja wa Ulaya huzitaka nyumba za chakula kueleza iwapo chakula kina nafaka zenye gluteni. Hivyo mama anayeuliza, "Mmetumia unga gani? Mafuta haya yamekaanga nini?" hasumbui mtu. Anadai haki yake.

Tufanyeje sisi?

Mahindi, mchele, mtama, ulezi na muhogo havina gluteni. Hata hivyo, angalia mashine ya kusagia: ikiwa imetoka kusaga ngano, unga wako utachanganyika nayo. Tena ukimshuku mtoto wako, usimwachishe ngano kabla ya kumwona daktari, kwa maana kipimo cha damu huweza kukosea iwapo mgonjwa amekwisha kuiacha.

Msomaji mpendwa, katika Yohana sura ya 6 tunasoma juu ya mtoto aliyekuwa na mikate mitano na samaki wawili. Mikate ile ilikuwa ya shayiri. Mgonjwa wa seliaki angekuwapo siku ile, chakula chake kingekuwa samaki tu. Basi tunapoandaa meza ya arusi, ya kanisani au ya nyumbani, tuulize mapema kama yupo asiyeweza kula kama wengine. Huenda tukahitaji kikaango kimoja zaidi tu, na mtoto yule naye atakula pamoja na wenzake.