Kazi Ikishapimwa, Nani Aambiwe?



Kila mwenye shamba ajua kwamba mkarafuu hauna haraka. Mche ukitoka kitaluni leo, mwenyewe hungoja miaka sita, saba, au hata minane kabla hajatandika jamvi uani kuanika karafuu zake. Na ukishaanza kuzaa, nao una kawaida yake: mwaka mmoja huinama kwa mzigo, kisha miaka inayofuata ukautazama ukauonea huruma. Kwa sababu hiyo, kazi yo yote inayofanywa kwa ajili ya mikarafuu ni ngumu kupimwa, na ni ngumu zaidi kuisimulia baada ya kupimwa. Nataka kusema juu ya hili la pili, maana naona ndilo linalotupotezea faida nyingi.

Nilihudhuria mkutano mmoja ambapo ilisomwa ripoti ya miche waliyogawiwa wakulima. Kijana aliyeisoma alisoma vizuri, sauti ya kutosha, wala hakuruka hata mstari. Tukasikia idadi ya miche iliyotolewa, fedha zilizotumika, na siku za mafunzo. Jua likapanda, watu wakaanza kutazamana. Alipomaliza, mzee mmoja akasimama akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa niambie, katika kila miche kumi iliyotoka kitaluni, mingapi ingali hai?" Kijana akafunua karatasi mbele na nyuma, asiione hesabu hiyo. Kumbe ilikuwamo, katika jedwali la mwisho kabisa, kwa herufi ndogo.

Simlaumu yule kijana. Ripoti ile iliandikwa kwa ajili ya mwenye kutoa fedha, naye ana haki ya kujua fedha zake zimekwenda wapi. Lakini sisi tulisomewa barua ya mtu mwingine. Mkulima ataka kujua miche mingapi imepona, iliyokufa imeuawa na nini, ukame au mchwa au kupandwa bila kivuli, na yeye afanye nini masika yajayo. Mambo matatu hayo yangetosha nusu ukurasa, na watu wangerudi makwao wakizungumza.

Mfano mkubwa zaidi tunao katika historia ya visiwa hivi hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, walichunguza maradhi ya mikarafuu yetu. Moja lilikuwa lile la kukausha matawi kutoka juu kushuka chini. Wakaona kwamba husababishwa na kuvu, na kwamba kuvu hiyo huingilia penye jeraha. Mwaka 1952 habari hiyo ikachapishwa Uingereza, katika jarida la wataalamu, kwa Kiingereza. Basi na tufikiri kidogo. Jeraha la mkarafuu hutoka wapi? Mara nyingi hutoka wakati wa kuchuma, mchumaji anapovuta tawi kwa upembo likavunjika, au anapolipasua kwa uzito wake. Kwa hiyo mtu aliyehitaji kuijua habari ile kuliko wote alikuwa juu ya mti, kikapu kiunoni, na jarida lile asingeliona maisha yake yote.

Na hata angeelezwa, habari moja haiwi maneno mamoja kwa watu wote. Mtaalamu ataka jina la kuvu na namna ilivyothibitishwa. Mwenye shamba yampasa aambiwe kwamba tawi lenye ugonjwa likatwe chini ya pale palipokufa, kwenye mti mzima, kisha lichomwe. Mchumaji aambiwe asivunje tawi. Lakini mchumaji hulipwa kwa pishi! Ukimwambia avute taratibu umemwambia apunguze ujira wake, naye ana watoto kama wewe. Basi habari ile ile inamrudia mwenye shamba kwa sura nyingine: je, yu tayari kumwongezea kitu mchumaji asiyevunja? Asiyetaka kujibu swali hilo asidhani amefikisha habari, hata akiitangaza kwa kipaza sauti.

Sasa nije kwenye mtego unaotunasa sana. Tuseme watu wametia mbolea mwaka huu, na mwaka ujao mavuno yakawa mara mbili. Furaha kubwa, na kila mtu asema mbolea imefanya kazi. Huenda imefanya, huenda pia mwaka ule ulikuwa zamu ya mikarafuu kuzaa sana, na jirani asiyetia cho chote naye amejaza magunia. Kulinganisha mwaka na mwaka kwa mkarafuu ni sawa na kupima maji ya bahari wakati wa kupwa, ukaja kuyapima tena wakati wa kujaa, ukasema yameongezwa na mtu. Yafaa kulinganisha miti iliyotiwa na isiyotiwa, mwaka ule ule, mashamba ya udongo mmoja, na kuendelea hivyo miaka kadhaa.

Jambo hili wataalamu hulieleza kwa maneno mazito, wakulima wakadhani ni elimu ya mbali. Si ya mbali hata kidogo. Mwite mkulima, mwonyeshe safu mbili za miti, hii imetiwa na hii haikutiwa, na zilizokauka za kila safu zimepimwa mizani mbele yake. Hana haja ya jedwali. Atauliza maswali ambayo mtaalamu mwenyewe hakuyafikiri: safu ile iko bondeni, je, si maji ndiyo yaliyoisaidia? Hapo ripoti yenyewe inatengenezeka, na kwa hiyo mimi naona wakulima waonyeshwe matokeo kabla ripoti haijafungwa.

Liko na jambo la habari mbaya. Watu wa kitalu huona haya kusema miche imekufa, na mkulima aliyeiacha ikakauka huona haya zaidi. Ukimtaja mtu kwa jina mkutanoni, mwaka ujao hatakwambia kweli. Atakuonyesha miche ya shemeji yake akasema ni yake. Hesabu za mtu mmoja mmoja aambiwe mwenyewe, shambani kwake, na mkutanoni zitajwe za kijiji kizima. Wakubwa wa ofisini, kinyume chake, waambiwe habari mbaya kwanza na kwa ufupi, katika ukurasa wa kwanza, maana huo ndio wausomao.

Kwa hiyo naiomba kamati yetu jambo moja dogo kabla ya ripoti ijayo. Atafutwe mwanachama asiyejua kusoma, akae na mwandishi, asomewe mambo yaliyoonekana, kisha ayasimulie mwenyewe kwa maneno yake. Pale atakaposita, paandikwe upya. Karatasi hiyo ndiyo ibandikwe karibu na mizani ya kituo cha ununuzi, ambapo watu husimama saa nzima wakingoja magunia yao yapimwe, na ile nene ipelekwe ofisini.