Kompyuta si mbovu, ina upendeleo: Usiku mmoja kwenye saiba ya Kianjokoma

Saa tano na dakika ishirini usiku, mshale wa kipanya ulisimama katikati ya skrini ukakataa kusonga. Aliyekaa mbele ya skrini hiyo ni msichana aliyemaliza kidato cha nne, koti la shule bado mabegani maana Kianjokoma baridi haina huruma. Alikuwa akijaza maombi ya chuo kwenye mtandao wa KUCCPS, na dirisha la maombi lilikuwa likifungwa saa sita kamili. Mamake alikuwa amesimama nyuma ya kiti, simu mkononi, pesa ya kulipia maombi ishatumwa.

Tulingoja. Dakika moja, mbili. Taa ya diski ilikuwa ikiwaka bila kupepesa, na kutoka ndani ya kasha ilisikika ile sauti ya kukwaruza, krrr krrr, kama panya ndani ya ghala la mahindi.

"Izime tu," mama akasema.

"Ngoja kidogo, mama, itarudi," akajibu mwenye saiba, ambaye ni binti ya shangazi yangu. Haikurudi. Mwishowe akabonyeza kitufe cha stima hadi ikazima, akaiwasha upya, na kila mtu mle ndani akawa anatazama saa ya ukutani. Maombi yaliingia zikiwa zimebaki dakika tisa. Mama alishukuru, akamshika bintiye mkono wakatoka, lakini mlangoni aligeuka akasema neno ambalo lilimwuma binamu yangu kuliko matusi: "Mwaka ujao huyu mdogo wake nitampeleka Embu mjini."

Mimi nilikuwa pale kama mgeni tu, nimekuja wikendi. Binamu yangu aliniambia ameshaamua: bonasi ya majani chai ya mamake ikitoka, ataomba sehemu yake anunue mashine mpya mbili. Hiyo ni pesa ambayo shangazi huifikiria mwaka mzima, karo ya kitinda mimba ikiwa humo. Nikamwomba anipe Jumapili moja kwanza, kabla hajagusa bonasi ya mtu.

Mashine yenyewe si takataka. Ni zile za mitumba kutoka Uingereza, prosesa ya i3, RAM ya gigabaiti 4, diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500, ndani yake Linux Mint. Kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko wenzake watatu, hubebeshwa kila kitu. Usiku ule, mbali na maombi ya yule msichana, ilikuwa nyuma ya pazia ikitengeneza video ya ruracio ya jamaa mmoja mpiga picha, na wakati huo huo ikinakili filamu kwenda kwenye fleshi ya mteja mwingine. Kazi tatu, na aliyeumia ni yule mmoja aliyekuwa ameketi akingoja.

Hapo ndipo penye siri ya mambo. Tunapenda kusema kompyuta "imechoka" au "imezeeka", kumbe mara nyingi inafanya kazi kwa bidii sana, ila inamfanyia mtu asiyefaa.

Mtoto yeyote wa Kianjokoma anakijua kituo cha kupimia majani chai. Watu wamepanga foleni na vikapu, karani ana mizani, lori liko njiani kuja. Karani akiwa na wazo moja tu, lori lijae haraka, atawaita kwanza wenye magunia makubwa. Lori litajaa kweli. Lakini yule nyanya mwenye kilo tatu atasimama hadi giza liingie, ingawa kumpima kungechukua nusu dakika. Ndani ya Linux, karani huyo ndiye kerneli: sehemu ya mfumo inayoamua nani apewe prosesa sasa, nani apewe RAM, nani aandike kwenye diski kwanza. Video ya ruracio ni gunia kubwa. Kubofya kwako kipanya ni kilo tatu za nyanya.

Kwa miaka mingi waliokuwa wakiiunda kerneli hiyo waliangalia zaidi lori kuliko nyanya, maana Linux iliendesha seva nyingi, na seva haina mtu anayengoja mshale usonge. Mmoja wa waliopiga kelele kuhusu jambo hilo hakuwa hata mtu wa kompyuta. Con Kolivas ni daktari wa Australia, kazi yake ni kuwatia wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji. Alijifunza mwenyewe kuandika kodi ya kerneli kwa sababu moja tu, kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa ikikwama. Akatengeneza viraka, akatengeneza hata programu ya kupima ni kwa kiasi gani mashine inachelewa kumjibu mtu ikiwa imelemewa.

Mwaka wa 2007 alileta kipanga zamu chenye msingi mmoja rahisi, kwamba kila kazi ipate haki yake sawa bila kubahatisha. Kiraka chake hakikuingizwa. Badala yake Ingo Molnar, aliyekuwa akisimamia sehemu hiyo, aliandika chake kiitwacho CFS, akasema wazi kwamba wazo la usawa lilithibitishwa na Kolivas. CFS iliingia katika toleo la 2.6.23, Oktoba 2007. Wakati huo daktari alikuwa ameshakasirika akaondoka. Alirudi mwaka wa 2009 na kipanga zamu kingine, hakijaingizwa pia, na bado watu wakawa wanakipakua na kukitumia wenyewe. Mimi nampenda sana huyu jamaa. Si kwa sababu alishinda, maana hakushinda, ila alikataa kuambiwa kwamba tatizo liko kichwani mwake.

CFS ilikaa miaka 16. Tangu toleo la 6.6 la Oktoba 2023, mahali pake pamechukuliwa na EEVDF, kazi ya Peter Zijlstra, inayotokana na wazo la wasomi wawili la mwaka wa 1995: kila kazi hupewa haki yake na pia muda wa mwisho wa kuhudumiwa, ili yenye kazi fupi isisahaulike nyuma. Andika uname -r kwenye terminali yako. Ukiona 6.6 kwenda juu, huyo karani mpya unaye tayari, bure. Mashine ya binamu yangu ilikuwa na 6.8.

Basi mbona iliganda?

Kwa sababu prosesa haikuwa tatizo, na hapa ndipo vijana wengi hupotea. Mtu anasoma mahali orodha ya mistari hamsini ya "kuipa Linux kasi", anaibandika yote, kisha hajui ni upi umesaidia na ni upi umeharibu. Uliza mashine kwanza inaumwa wapi. Tangu toleo la 4.20 la mwaka wa 2018 kerneli ina kipimo chake cha maumivu, chini ya /proc/pressure, mafaili matatu: cpu, memory na io. Jumapili ile tuliirudia hali ya usiku ule makusudi, video, fleshi, na kivinjari chenye kurasa kumi na mbili, kisha tukafungua faili la memory. Mstari unaoanza na "full" huonyesha asilimia ya muda ambao kazi zote zilikuwa zimesimama zikingoja RAM. Ulipita nusu. Yaani kwa zaidi ya nusu ya kila sekunde kumi, hakuna aliyekuwa akifanya chochote cha maana. Faili la cpu lilikuwa limetulia tuli.

RAM ikijaa, kerneli huhamisha vitu visivyotumika kwenda kwenye diski, mahali paitwapo swapu. Diski ya kuzunguka ina mkono mmoja unaokimbia huku na kule kama makanga wa matatu, na ile krrr krrr ndiyo hiyo. Ukibofya dirisha lililohamishwa, lazima lirudishwe kutoka diskini vipande vipande, huku kingine kikitolewa kupisha. Dawa ni zram: sehemu ya RAM yenyewe hufanywa swapu, na kila kinachoingia humo kinafinywa kwanza, mara nyingi kikabaki nusu au hata theluthi ya ukubwa wake. Prosesa inatoa jasho kidogo, lakini kufinyua kitu ndani ya RAM ni haraka mno kuliko kuungoja ule mkono. Tuliweka kifurushi cha zram-tools, tukafungua /etc/default/zramswap tukaandika ALGO=zstd na PERCENT=50. Swapu ya diski tuliiacha ibaki nyuma kama akiba.

Kisha vm.swappiness, nambari inayoiambia kerneli iwe mwepesi kiasi gani wa kutumia swapu. Kawaida ni 60. Utasikia watu wakiapa kwamba lazima iwe 10. Hiyo ina maana swapu ikiwa kwenye diski ya polepole. Ukiwa na zram mambo hugeuka, na tangu toleo la 5.8 nambari hiyo inaweza kufika 200. Tuliweka 150.

Mkosaji wa pili alikuwa fleshi. Umewahi kunakili filamu, mstari ukakimbia mpaka asilimia mia, halafu ukaambiwa usitoe bado? Kerneli huwa imekudanganya kidogo. Imepokea data kwenye RAM, ikasema imemaliza, kumbe bado haijaandika. Kwa kawaida huruhusu mzigo huo ufike asilimia 20 ya RAM iliyo tayari kutumika. Seti mzigo uwe megabaiti 400 na fleshi ya bei nafuu inaandika 5 kwa sekunde: hizo ni sekunde 80 za foleni, na programu nyingine zinazotaka kuhifadhi kitu zinaweza kukwama nyuma yake. Tukapunguza kikapu. Katika faili jipya ndani ya /etc/sysctl.d tuliandika vm.dirty_bytes=67108864 na vm.dirty_background_bytes=16777216, yaani megabaiti 64 na 16. Sasa mstari wa kunakili unatembea polepole lakini unasema ukweli.

Diski yenyewe tuliibadilishia mpangaji wa foleni, tukaweka BFQ, ambayo imo ndani ya kerneli tangu toleo la 4.12 la mwaka wa 2017. Iliundwa na Paolo Valente na wenzake huko Modena, Italia, wakiwa na shida hii hii kichwani: programu iliyofunguliwa na mtu isingoje nyuma ya kazi ndefu ya kunakili. Ukiandika neno bfq ndani ya /sys/block/sda/queue/scheduler inaanza papo hapo, ila ukizima mashine inasahau, kwa hiyo usisahau kuiwekea kanuni ya udev. Pia tuliongeza preempt=full kwenye mstari wa GRUB. Hiyo humruhusu karani kukatizwa katikati ya kazi zake nyingi za ndani mtu akibofya. Nitasema kweli, kwenye mashine hii sikuona tofauti kubwa kwa macho. Anayerekodi muziki huenda akaiona.

La mwisho halikuhusu kerneli, lilihusu adabu. Programu ya kutengeneza video sasa huanzishwa kwa nice -n 19 ionice -c 3, maana yake: fanya kazi yako, lakini mtu yeyote akitaka kupita, mpishe. BFQ inauheshimu ujumbe huo.

Tulibadilisha kimoja kimoja, tukapima kila mara, na kazi ya Jumapili ikaishia Jumapili usiku tukinywa chai baridi. Tuliporudia jaribio zima, mstari wa "full" ulikaa chini ya kumi. Kivinjari kilisitasita mara mbili tatu. Mshale haukusimama.

Usidhani tulipata kitu bila kulipa. Kerneli haizai RAM. Ukifungua kurasa arobaini kwenye gigabaiti 4, zram nayo itajaa na utarudi kwenye krrr krrr. Na jumla ya kazi imepungua: video iliyokuwa ikimaliza kabla ya chakula cha mchana sasa inasogea mpaka alasiri, kwa sababu inapisha kila mtu. Ni uamuzi wa nani asubiri. Binamu yangu aliamua kwamba aliyeketi kwenye kiti ndiye asisubiri, na bonasi ya shangazi itaguswa kidogo tu, kununua diski moja isiyozunguka.

Jamaa wa ruracio alifika Jumanne akitaka video yake, akakuta bado.

"Kwani hii mashine mmeifanya nini? Ilikuwa inakimbia!"

Binamu yangu hakuinua macho. Alikuwa akimwonyesha mzee mmoja mahali pa kuandika nambari yake ya kitambulisho.

"Kaa hapo kwenye benchi, kaka. Mzee akimaliza."