Takwimu za Utafiti na Kazi ya Maktaba za Vyuo Vikuu

Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Ujumbe huo ulipendekeza karanga zilimwe katika zaidi ya ekari milioni tatu. Katika Tanganyika zilichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, serikali ya Uingereza ilikuwa imepoteza pauni zipatazo milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi: mashine zisizofaa, udongo mgumu, ukame. Lakini sababu moja ilizitangulia zote, nayo ni kwamba kumbukumbu za mvua na za udongo zilikuwa haba mno kwa kazi kubwa kiasi kile.

Baadaye majaribio ya mazao, soya ikiwamo, yaliendelea Nachingwea kwa miaka mingi, na hatimaye kazi ya utafiti wa kilimo wa kusini ikahamia Naliendele, Mtwara. Hapo ndipo linapozuka swali linalohusu kila utafiti: kazi inapokwisha, au kituo kinapohama, takwimu zake hutunzwa na nani?

Makala ya kisayansi huchapisha wastani na hitimisho tu. Vipimo vyenyewe, yaani mvua ya kila siku au mavuno ya kila kitalu, hubaki katika daftari au kompyuta ya mtafiti. Mtafiti akistaafu au kompyuta ikiharibika, vipimo hivyo hupotea. Wala havirudiki, kwa maana hakuna awezaye kuipima upya mvua ya mwaka uliopita.

Hata daftari likisalimika, tarakimu peke yake haitoshi. Tuchukue mfano wa daftari la zamani lenye maneno haya: “1951, mvua 30.” Ikiwa ni inchi, hiyo ni mvua ya milimita 762, ikiwa ni milimita, ni ukame wa kutisha. Tena, msimu wa mvua Nachingwea na Ruangwa huanza mwishoni mwa mwaka mmoja na kumalizika katika mwaka unaofuata. Je, 1951 ni mwaka wa kalenda au ni msimu? Asipoeleza aliyepima, wengine watabaki kubahatisha.

Hapa ndipo maktaba ya chuo kikuu inapohitajika. Kwanza, mkutubi humsaidia mtafiti kupanga, kabla ya kazi kuanza, jinsi takwimu zitakavyoandikwa na kutunzwa. Pili, huhakikisha kwamba takwimu zinaambatana na maelezo: mahali, tarehe, chombo na kipimo kilichotumika. Tatu, huziweka katika hifadhi ya kidijitali yenye nakala zaidi ya moja, na kuzipa namba ya kudumu ili zipatikane na aliyezikusanya atajwe. Nne, hueleza masharti ya kuzitumia. Kushirikishana si kuanika kila kitu. Majina ya wagonjwa au ya wakulima waliohojiwa yana kinga, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kazi hii si ngeni nchini. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi, katika mkusanyo wake wa Afrika ya Mashariki, karatasi za Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika aliyefariki mwaka 1962. Mwenyewe hayupo, lakini wanazuoni wameendelea kuzisoma na kuuliza maswali ambayo yeye hakuyawaza. Kwa upande wa kilimo, sheria ya mwaka 1991 iliipa maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, jukumu la kuwa maktaba ya taifa ya kilimo.

Shule nayo yaweza kuanza. Wanafunzi wa Chunyu au Nachingwea wenye kipimamvua wakisoma saa tatu kila asubuhi, wakaandika tarehe, milimita, mahali kilipo chombo na jina la aliyepima, na nakala ya daftari ikawekwa mahali pengine, watakuwa wameanzisha hazina. Ujumbe wa mwaka 1946 uliikosa hazina ya namna hiyo. Mwaka mmoja wa vipimo hauelezi mengi, ila miaka thelathini yaweza kumwonyesha mkulima mabadiliko ya msimu wake, mradi daftari la kwanza halikutupwa.